Usikubali Tena Sindano ya Theuri

Kwa Mwalimu Wasike,
S.L.P. 41,
Kiganjo.
6 Aprili 1974

Mpendwa dada yangu Murugi,

Habari ya huko Kitale? Umeamka aje wewe na mzee wako Gicheru, na ile ng'ombe ya mabaka, ilizaa? Huku tuko, Mungu hajatuacha. Mvua imeanza na viazi zimetoka, lakini za jirani yangu Wachuka zimetoka mbele ya zangu, na sasa hanyamazi.

Usishangae nakusalimia kwa Kiswahili kama askari. Anayeniandikia ni Selpha, bibi ya Mwalimu Wasike, na Kikuyu yake ni ya kununua maziwa tu. Mwalimu mwenyewe anaenda kwao likizo huko upande wenu, na ni yeye atakusomea. Sikutaka isomwe na kijana yako Theuri, vile siku hizi yeye ndiye hukusomea barua zote.

Dereva wa lori ya viazi aliniletea salamu zako. Ati tangu Theuri arudi nyumbani mgongo haikuumi tena, ati anakudunga sindano asubuhi na jioni na unalala kama mtoto. Murugi, nilikaa chini kwa matope na nguo ya kanisa.

Hiyo sindano naijua. Alinidunga mimi mwaka mzima.

Unakumbuka hii mguu yangu niliumia nikitoka mtoni na ndoo. Theuri alikuwa dresa wa kufunga vidonda kwa dispensari, akaniambia mimi dada ya mama yake, "Tata, usihangaike na foleni, dawa ya mifupa nitakuletea mpaka nyumbani." Ningekataa aje? Si ana jina la baba yetu? Tangu umzae namwita Baba, na akiingia natoka kwa kiti. Akisema lete mkono, naleta. Nani anauliza baba yake hii ni dawa gani?

Wakati wa Krismasi hakuja siku mbili. Nikaanza kupiga miayo, macho na pua zinatoka maji, ngozi imesimama kama ya kuku imenyonyolewa. Nikasema ni malaria. Akaja, akanidunga, nikapona hapo hapo. Na unajua nilifanya nini? Nilimbariki! Nilimtemea mate kwa kifua vile baba alikuwa anatubariki. Hiyo inaniuma kuliko mguu.

Mwezi wa pili wakubwa wake wakaanza kuuliza dawa zinaenda wapi. Akatoroka kuja kwako, hata kwaheri hakuniambia. Ule ugonjwa ukarudi mara kumi. Selpha ndiye alinipeleka hospitali kubwa Nyeri. Daktari, Mhindi mpole, akaangalia kadi ile Theuri aliniachia. Mimi nilikuwa naiweka ndani ya Biblia, na zote mbili sijui kusoma.

"Mama, hii kansa yako iko wapi?"

"Kansa ya nani?"

"Kadi inasema unakufa tangu mwaka jana."

Nikamwambia, "Kijana, mimi juzi nilikuwa nalima."

Ndiyo nikajua. Theuri aliandika jina langu ndiyo apewe mofini, dawa ya watu wanakaribia kufa na maumivu. Kidogo ananidunga, ile ingine anauzia watu wa mjini. Akiulizwa mgonjwa ni nani, ni huyu mama, angalieni mkono yake. Baba yangu alinifanya mlango ya kuibia.

Sasa sikiliza, usiogope. Usiiache hiyo sindano peke yako nyumbani kwa hasira. Nenda hospitali wakupunguzie pole pole, ndivyo walinifanyia. Hata hivyo iko siku mbaya, yangu ilikuwa ya tatu. Tumbo inaharisha, unatapika, unatoka jasho halafu unatetemeka, miguu inapiga kitanda mateke yenyewe. Kunywa uji mwepesi, na maji iliyochemshwa, tia chumvi kidogo na sukari. Kijiko kijiko. Ukitapika, ngoja kidogo, kunywa tena. Selpha alikuwa ananiwekea kitambaa ya moto kwa magoti, na mimi namtukana. Anasema hapa ati sikumtukana sana. Anadanganya, nilimtukana mpaka mama yake.

Siku ya nane nilikula kiazi moja na nikaikalisha tumboni. Usingizi ndiyo ilichelewa, hata sasa inakuja ikitaka. Na moyo itaitaka hiyo dawa, dada. Bado nikisikia kengele ya baiskeli kama ile ya Theuri kwa barabara, mkono unajinyoosha wenyewe. Daktari aliniambia nisijaribu: mwili ikishazoea kuikosa, ukirudia kipimo ya zamani unaweza kulala usiamke. Kwa hivyo Theuri akikuletea kwa huruma, ati unateseka bure, hapana.

Na wewe pia nimekukasirikia, si nitasema? Kwa mazishi ya binamu yetu Kingori mwaka jana uliambia watu ati nasinzia kwa kaburi, ati akili imezeeka. Hayo ni maneno ya Theuri. Mimi dada yako hukuniuliza.

Najua itakuwa ngumu kumkatalia, sababu ya jina. Ilinishinda. Lakini baba yetu alikufa, Murugi, tulimzika mimi na wewe tukiwa pale. Huyu ni wewe ulimzaa. Mimi sikuwa na njia ya kumkaripia, wewe uko nayo.

Wasike nimemwambia asikusomee barua halafu aende zake. Atakaa kwa mlango mpaka uvae viatu, mwende hospitali pamoja. Theuri akiuliza mnaenda wapi, mwambie, na umwambie ni mimi nimekutuma.

Nisalimie Gicheru, na msichana yako Monicah na watoto wake. Theuri usimpe salamu yangu, sijafika hapo. Mungu akushike huo mkono leo, kabla mwingine hajaushika.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nikiwa na hasira,

Wamucii
(hapa ameweka kidole)