Zawadi Yuko Ndani

Nakwa,
Babati, Manyara.
Tarehe 9 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi, Sista Brigita,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, Shangazi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko monasterini, na kwamba goti lako sasa linakuruhusu kusali bila maumivu. Mama hajambo. Mahindi tumevuna, ila maharage yalikaukia shambani. Baridi ya mwaka huu ni kali. Watu wanamaliza chai ukungu ukiwa bado umelala ziwani.

Nimeanza na salamu kama ulivyonifundisha, lakini moyo wangu haupo kwenye mahindi wala kwenye baridi. Babu, baba yako, anaumwa. Miguu imevimba, na akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni lazima akae apumue. Daktari amesema ni moyo. Ametupatia dawa, akamtazama Mama kwa namna ambayo sote tuliielewa.

Nisingekulilia kwa ajili ya ugonjwa peke yake. Mtu wa umri wake ataumwa. Kinachonimaliza ni jina lake.

Unajua kwamba marehemu Baba alinipa jina la Babu, Zawadi, kwa sababu alikuwa amekata tamaa ya kupata mtoto wa kiume. Mdogo wangu Octavian alipozaliwa baadaye, jina lilikuwa limeshakaa kwangu. Babu mwenyewe hakulalamika. Aliniita wajina, na Baba aliniita "Baba" mbele za watu mpaka siku anakufa. Zamani hizo akina Zawadi wa Dareda walikuwa wanaume wenye ng'ombe. Mimi nilikuwa wa pekee, msichana aliyebeba jina la mzee, na nilijivuna.

Kisha nikaenda chuo kikuu. Hapa mtaani wazazi wakaanza kuwaita binti zao Zawadi ili nao wasome kama mimi. Walikuwa wananiheshimu, Shangazi. Leo ukiita Zawadi kwenye mafundisho ya watoto, wanainuka wasichana peke yao, na nywele zao zimesukwa vizuri.

Mwezi wa tano Octavian alipata mtoto wa kiume, wa kwanza. Kwa desturi yetu ilikuwa wazi atamwita nani. Babu alikuwa anamngoja huyo mtoto. Nadhani ndiye aliyemfanya amalize masika. Octavian akakataa.

"Dada, unataka mwanangu avalishwe gauni?" aliniambia. "Pale kijiweni nitawaambia nini? Bodaboda wale wataniuliza, 'Zawadi kashatobolewa masikio?'"

Dorika, mke wake, akacheka mpaka mtoto akaamka. Na Octavian hakuwa mwongo, Shangazi.

Wamemwita Brayan. Nilimwambia Babu mimi mwenyewe, maana wengine walikuwa wanakwepa kuingia chumbani. Aliniomba nirudie. Kisha akauliza, "Hilo ni la nani katika watu wetu?"

"Si la mtu, Babu. Ni la kwake tu."

"Maskini," akasema. "Kaja peke yake."

Niliamini hapo ndipo mwisho wa uchungu. Jumapili iliyopita nilibaki nyumbani kumhudumia, Mama akaenda Misa. Babu alitaka jua, nikamkalisha mlangoni na blanketi lake, nikarudi jikoni kukoroga uji. Kumbe kanisani, kwenye maombi, walikuwa wamesoma: tumwombee Zawadi wa Nakwa, aliye mgonjwa sana. Mama alibaki kwenye mkutano wa jumuiya. Majirani wakatangulia kuja, na sukari na mayai, wakiongozwa na Mama Amedeus. Niliwasikia kutoka jikoni.

"Shikamoo, Babu. Poleni jamani. Zawadi anaendeleaje?"

Nilishika mwiko nikangoja acheke.

"Marahaba," akajibu. "Hajambo kidogo. Yuko ndani, piteni."

Wakampita, Shangazi. Waliinua khanga zao wasimguse miguu, wakaja kwangu. Mama Amedeus akanishika paji la uso. "We binti, mbona uko mzima? Kanisa zima tumekulilia!" Nikawaambia mgonjwa ni yule mlangoni. "Heee!" akasema. "Babu naye anaitwa Zawadi?" Na huyo amekuwa jirani yetu tangu aolewe.

Walipoondoka nilipiga magoti mbele ya Babu nikamuuliza kwa nini hakusema ni yeye.

"Wameuliza Zawadi," akasema. "Nimewaonyesha alipo."

Tangu siku hiyo akiitwa kwa jina haitiki. Akiitwa Babu, anageuka. Si masikio, nimemjaribu. Jina amelitua, kama mtu anavyotua mzigo mlangoni kwa mwenyewe na kuondoka. Watu wananiambia nishukuru kwamba jina halijapotea, kwamba liko kwangu na kwa wasichana wote hawa. Siwezi. Jina lipo limejaa mtaani, na mwenye jina anakufa bila kuwa nalo.

Wewe jina lako la ubatizo uliliacha kwa hiari yako, ukapewa lingine mbele ya altare. Yeye hajapewa lingine. Ndiyo maana sikuombi uandike kwa Octavian. Hata akibadili nia, atamtwisha mtoto kicheko. Nakuomba tu mnapomwombea huko, usimtaje Zawadi, wasije wakaniombea mimi tena. Sema "baba yangu". Hilo hakuna wa kumnyang'anya, maana umebaki wewe tu wa kulisema.

Mama anakusalimu sana. Octavian na Dorika wanakusalimu pia, na mtoto wao. Masista wote wape shikamoo zangu. Mungu akulinde, na akupe usingizi ambao sisi huku hatuupati.

Nimekaa na kalamu hapa chini kwa muda mrefu, na mkono umekataa kuandika jina. Utaujua mwandiko wangu.

Akupendaye siku zote,
Mtoto wa kaka yako