Sauti ya Juu ya Dari

3 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila soksi ninazouza pale mezani haziendi; nadhani watu wameamua kuvaa viatu hivihivi.

Jana nimejisikia nikiita watu zahanati! Ile programu yako ya kuita wagonjwa, sauti yangu uliyonirekodi, juu ya dari: "Namba kumi na mbili, dirisha la kwanza!" Nikasimama nikapaza sauti, jamani huyo ni mimi. Mlinzi akanitoa nje. Sasa wote hao wanaoitumia wanakulipaje?

Kaka yako, Spika

11 Machi

Kaka Spika,

Shikamoo. Kifua bado, lakini nipo. Hawalipi. Programu nimeiweka wazi, anayetaka anachukua bure. Kuna kitufe cha mchango, hawakigusi. Wanaandika tu, "Imegoma, tengeneza leo." Nikiiacha, foleni zitakwama. Nikipata mfadhili nitaenda kupima kifua.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Kikohozi hakijambo? Yaani nimpe mtu soksi bure, halafu kesho anifokee imetoboka? Hicho kitufe nimekibonyeza mimi. Kikaniomba kadi. Ninayo ya kliniki tu. Basi nakutumia hela hizi za soksi. Kapime! Usilipie intaneti.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Habari za mezani? Usinigombeze, nililipia intaneti. Hospitali kubwa mfumo ulilala, kina mama wamejazana na watoto. Sasa uko sawa. Nimeongeza kitu: ambaye hajahudumiwa dirishani anaitwa tena na tena mpaka aje. Wamenishukuru sana. Kupima, mwezi ujao.

Mdogo wako

20 Agosti

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Juzi pale hospitali kubwa, umeniegemea begani, nikajisikia: "Namba arobaini, dirisha la malipo!" Namba yako, naiita kwa raha zote, kama nanadi soksi. Ukacheka mpaka ukakohoa damu. Dirishani wakataka pesa kwanza. Nikamwambia yule dada wa dirishani, hiyo sauti ni yangu, na mashine yenu katengeneza huyu mgonjwa. Akasema, "Pole kaka, lakini hiyo si ni ya bure?"

Nikakuacha kwenye benchi, nikakimbia kuuza mzigo wote wa soksi kwa bei ya kutupa. Narudi na pesa mkononi, wameshakufunika shuka.

Na mimi kule juu ya dari bado naita, namba arobaini, namba arobaini, kwa furaha, kama mtu ambaye hajaambiwa.

Kaka yako