Kaka Yako na Usukani

Wifi yangu mpenzi,

Hatujambo. Nguo ulizotuma zimewakaa watoto vizuri, na paka kazaa kabatini.

Kaka yako bado anabishana na daktari. Kaambiwa apime sukari kabla ya kuwasha gari. Yeye anasema mwili ni wake, anaujua. Juzi tukiwapeleka watoto shule, alisimamisha gari katikati ya njia panda, akawa anatabasamu tu huku malori yakitupigia honi. Nilipomsogeza nishike usukani, aliniita kwa jina lako. Leo anadai ulikuwa usingizi.

Hizo zinazogongana ndani ya bahasha ni funguo za gari, zote mbili. Anazitafuta tangu asubuhi, wifi, kapindua hadi makochi.

Nami namsaidia kuzitafuta.

Wifi yako