Zena, Nani Aliingia Chumba cha Zahanati?

Mwanangu Zena,

Marahaba, marahaba. Naitikia kabisa kabla hujaniamkia, maana najua ukiona maneno yangu mdomo utasema shikamoo wenyewe, nilikulea hivyo. Mimi mzima, magoti ndiyo yale yale. Lakini moyo si mzima, Zena. Unanienda mbio kama wa kuku aliyeona kivuli cha mwewe, na sababu ni kile chombo chako cheupe ulichokiacha ukutani kwangu.

Anayeniandikia ni Sista Adela, nesi mpya wa zahanati, mtu wa Bukoba, amekuja baada ya wewe kwenda Kisaki. Mtu mwema, ila ananikatiza. Sasa hivi anasema, "Bibi, sema jambo lenyewe kwanza." Namwambia Sista, jambo hili lina mkia mrefu, nikilishika katikati litaning'ata. Wewe andika.

Simu yako tumepiga mpaka tumechoka. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema hupatikani. Mwanangu kaenda kuwapelekea watu mtandao porini na mwenyewe hana mtandao, loh, mchimba kisima mwenye kiu. Ndiyo tukaona tuandike, barua ishuke mjini, dereva wa gari la Kisaki aipitishe Mkuyuni, Matombo, mpaka huko kwenu. Huyo dereva hapokei bahasha iliyofungwa, eti alishawahi kubebeshwa balaa bila kujua. Basi inakwenda wazi, na mwenye kutaka kusoma njiani atasoma. Kwa hiyo kuna jina humu sitalitaja. Usinione nimesahau, sijasahau.

Unakumbuka siku ulipokuja na lile dishi? Ulipanda na vijana wawili wa kazini kwako, mmebeba mlingoti begani kama jeneza, nikasema astaghfirullah, nani tena. Ukacheka mpaka ukaketi. Ulisema kutoka hapa kwangu mtu anaona mabati ya Kihonda, na mwenzako yuko kule juu ya ghorofa na dishi jingine, mnataka yatazamane. Yatazamane tu! Hakuna waya, bonde lote lile katikati. Nikashika mlingoti, wewe uko kwenye simu unapiga kelele, "Bado! Kidogo kushoto! Umezidisha!" Nikakwambia usilisukume hivyo, ligeuze taratibu kama unavyomgeuza mtoto anayetafuta titi. Ukaligeuza hivyo, taa ikawaka. Ukanikumbatia na jasho lako lote, nikanuka jasho lako mpaka jioni na sikuoga makusudi.

Na ule mfenesi! Tawi lilikuwa limeziba, vijana wako washachomoa panga, mjomba wako akatoka ndani na fimbo. "Huu kaupanda mama yangu. Atakayeugusa aanze na mimi." Wewe hukubishana. Ulisema, "Basi mjomba, mlingoti ndio utarefuka," mkaunga bomba lingine juu. Tangu siku hiyo akawa anawaambia watu, mtoto wa dada yangu huyu, elimu haijamla. Maana si unajua kwetu, mti wa ukoo ni wa kina mama, mjomba analinda tu.

Sista anakohoa. Nakuja, Sista, nakuja.

Ulipomaliza nje ukaingia ndani, ukachukua kipande cha mkaa, ukanichorea nyumba sakafuni pangu nilipokuwa nimeshadeki.

"Mama, mgeni akija unamkalisha wapi?"

"Barazani."

"Akiwa mgeni wa heshima?"

"Sebuleni."

"Na chumbani?"

"Chumbani anatafuta nini?"

Ukasema, "Hapo hapo, ushaelewa kazi yangu yote." Chombo nacho ni nyumba, ukaniambia. Mtandao unaingia kwa mlango mmoja kutoka Kihonda, ukishaingia unagawanywa vyumba. Kuna chumba cha zahanati, unakwenda kwa lile dishi dogo linalotazama ng'ambo ya korongo. Kuna chumba cha shule. Na kuna baraza, ya watu wote wanaokaa kwenye ukuta wangu na simu zao za kupangusa. Wa barazani anaongea na wanawe Dar, anaongea na Uarabuni, lakini chumba cha zahanati haoni hata pazia lake. Na kwa vile sisomi, ukafunga kitambaa kwenye kila waya, chekundu zahanati, kijani shule, cha njano wageni, na pembeni ya kila tundu ukabandika kikaratasi cha rangi hiyo hiyo. Rangi nyekundu ilipata matundu mawili, moja la waya na moja tupu, la akiba, zahanati ikija kuongeza kitu.

Neno la siri la ndani hukunipa. La wageni ulinipa, nami niliwagawia watu kama maji ya mtungi. Ukanionya, "Mama, waya usihame tundu." Haukuhama. Mimi sikuhamisha.

Sasa msiba. Habari za mjomba wako ulizipata kwa mwenzako wa Kihonda, na mito ilikuwa imejaa hukuweza kuja. Hilo tutalilia pamoja. Nataka tu ujue jinsi alivyochezwa. Watani walikuja wote, na Bi Tabu ndiye aliyekuwa mbele, unamjua Bi Tabu. Kavaa koti la marehemu, kavaa kofia yake, kajipaka unga usoni, anatembea na ile fimbo vile vile alivyokuwa anatembea yeye, mguu mmoja unauliza na mwingine unajibu. Watu wanalia, watu wanacheka. Akaingia ndani, si akakichomoa chombo! Kakifunga kiunoni kwa kanga, waya zimening'inia kama mkia wa ng'ombe, katoka nacho uani anapiga simu.

"Halo! Halo, ahera? Mmempokea mtu wangu? Mfupi, mbishi, mpeni ugali kwanza, akishiba ndio mumuulize dhambi zake!"

Zena, nilicheka. Ndugu yangu yuko ndani kwenye sanda na mimi nimejishika mbavu. Ungemzuia wewe? Mtani msibani hazuiwi. Kashika alichoshika, unakikomboa. Tukakikomboa kwa jogoo, tena akamkataa wa kwanza, akasema huyu amekonda kama marehemu. Alipompata wa pili akakirudisha chombo yeye mwenyewe, akachomeka waya, taa zikawaka, mwenye simu akapata mtandao wake, zahanati wakapata wao. Hakuna aliyelalamika. Mimi nikachukua kitambaa kibichi nikakifuta ule unga, vikaratasi vyako vikatoka vyote kama maganda ya kitunguu. Nikasema si kitu, waya zina vitambaa vyake.

Kumbe ule wa njano kauchomeka kwenye lile tundu la akiba la rangi nyekundu. Wageni wangu wote wamekaa chumbani kwa zahanati, na mimi nawapitishia kahawa.

Watu wa matanga, Zena. Unajua walivyokuwa wengi. Wa Kinole, wa Mgeta, wa Kihonda, watu wa viwandani waliofanya kazi naye, watu sijui hata majina yao. Na kila mmoja alikuwa ananiuliza, bibi, neno la waifai ni lipi, nami nasema karibu baba, karibu mama, neno ni hili. Ilikuwa hivyo mpaka arobaini ikapita.

Halafu ndiyo akaja Athumani wa bodaboda. Alikuwa kakaa ukutani anaokoa bando lake, mara namsikia anacheka peke yake. "Bibi, mtandao wako leo unatoa mpaka habari za wagonjwa." Nikadhani utani wake. Akanisogezea simu, nikamwambia mimi nisiyesoma unanionyesha nini, nyoka? Basi akasoma. Kwa sauti. Akasoma jina, na akasoma dawa ambayo mwenye jina anachukua pale zahanati.

Na mwenye jina alikuwa amekaa hapo hapo, mwisho wa ukuta, anaongea na mwanawe kwenye simu.

Sikuona alivyonyanyuka. Niliona tu pale alipokuwa amekaa hapana mtu, na kandambili moja imebaki.

Nilimtukana Athumani matusi ambayo Sista amekataa kuandika. Naye akabadilika rangi, akaapa, "Wallahi bibi, nilibonyeza tu, pameandikwa zahanati pakafunguka. Nimesoma hilo moja basi." Nikaingia ndani nikang'oa waya wa betri inayokipa chombo umeme, kila kitu kikazimika. Nilifikiri nimefanya la maana. Sista alipokuja asubuhi nilimweleza rangi na matundu yako, naye ndiye aliyeona ule wa njano ulipo. Na nikamuuliza, kwa nini ilifunguka tu, kwani kompyuta yenu haina kufuli? Akasema neno la siri halikuwekwa, walijua mtandao wa zahanati uko peke yake. Andika, Sista, usiruke hapo. Ameandika. Anasema amelia kwa hilo, na ni kweli nimemwona.

Nilikwenda kwake, yule mwenzetu. Nimebeba kandambili yake. Mlango hakufungua wote. Hakunilaumu, na ndicho kilichonimaliza, bora angenitukana. Aliniuliza swali moja, "Bibi, nani mwingine amesoma?"

Mimi ninayejua nani kala kwa nani kijiji kizima, hilo silijui, Zena. Nikaiweka kandambili kizingitini.

Tangu siku hiyo zahanati haendi. Dawa zake hakuchukua. Sista alimpelekea mwenyewe, jioni, kajitanda kanga kama anayekwenda kuomba chumvi, na mlango haukufunguliwa. Mizigo kafunga. Anataka kushuka kwa dada yake mjini na asirudi tena, na shamba lake la ndizi anauliza nani atalitazama. Anasema kama ni Athumani peke yake, Athumani ataweza kumtazama machoni. Lakini kama ni watu wa matanga wote, basi kila anayemsalimia njiani atakuwa anajiuliza, huyu kasoma au hakusoma? Mtu hawezi kuishi hivyo. Mimi nisingeweza.

Sista anasema vyombo hivi vingine vina kumbukumbu, vinaandika ndani kwa ndani nani aliingia na alifungua nini. Nikafurahi mpaka nikasimama. Halafu akaongeza kwamba vingine vikizimwa vinasahau. Nikakaa chini. Kwa hiyo inawezekana mimi kwa mkono wangu huu nimefanya kama mtu aliyeibiwa, akaamka alfajiri akaanza kufagia uwanja kabla watu hawajaja kutazama nyayo. Hilo ndilo linalonila. Naliwaza nikikoroga uji mpaka unashika chini.

Na hatujakiwasha. Sista anataka kiwashwe, ana mama mjamzito ana presha, vipimo vyake alikuwa anavituma kwa daktari mjini kwa mtandao huo. Sasa hivi anapanda mpaka jiwe la juu kutafuta simu, mvua, utelezi, viatu vyenyewe vya mjini. Mimi naogopa tukikiwasha kitaandika mapya juu ya yale ya zamani. Tumegombana, nisikufiche. Aliniambia, "Bibi, unalinda siri ya mmoja, mimi nitazika wawili." Nikamwambia kwenu mnaongea hivyo na wazee? Akasema shikamoo, halafu akarudia yale yale. Mwisho tumekubaliana hivi. Tunangoja gari la Kisaki liende na lirudi. Likirudi huna habari, tunawasha, waya wa njano haurudi kwenye chombo tena, na kama nyayo zitafutika, zifutike. Huyo mama mwenye presha hawezi kungoja zaidi. Na yule mwingine nimemsihi naye angoje gari hilo hilo. Kasema atangoja.

Wa njano nimeshauchomoa. Watu wanakuja, wanakaa kidogo ukutani, wanapangusa, wanaona hamna kitu, wanaaga. Nimejua wengi walikuja kwa waifai, si kwangu. Nyumba imekuwa kimya na mjomba wako hayupo, sasa nasikia mafenesi yakianguka. Lakini afadhali hivi.

Sasa Zena. Acha huo mlingoti wa watu, waombe ruhusa, panda gari. Najua hicho chombo ukikiunga na kile kidude chako unaweza kukihoji, nimekuona ukifanya. Kihoji, kama bado kina la kusema.

Na ukishapata jibu, liwe wamesoma wengi, liwe kasoma mmoja, au liwe chombo kimesahau, usije kuniambia mimi. Nenda kwake. Jina lake Sista atakunong'oneza. Mwambie yeye, ndani, mlango umefungwa, halafu yeye ndiye aamue kushuka au kubaki. Ni lake. Mimi nitakuuliza, najijua. Nitakupikia, nitakubembeleza, nitakasirika, nitasema mimi ndiye niliyekuzaa.

Usinijibu.

Mama yako