Bodi Niliyokutumia Machi

Observatory, Johannesburg
Jumanne asubuhi

Kip ndugu yangu,

Sisi tu wazima. Mpwa wako Sidney siku hizi ananijibu kwa Kizulu hata nikimuuliza kama ameshiba.

Tangu nikose mazishi ya Baba, wewe na mkeo hampokei simu zangu wala kusoma ujumbe. Ndiyo maana Kamande, anayepanda ndege leo kuja huko nyumbani, amebeba barua hii.

Ile bodi ya saketi niliyokuundia, ya kudhibiti joto kwenye mashine yako ya kutotolea vifaranga, nilitaka zitengenezwe nyingine hamsini, nikapeleka mchoro kiwandani. Jana akanipigia Lorraine, anayekagua michoro pale.

"Umeme wa hita unapita kwenye njia hii ya shaba? Eish, dada, ni nyembamba mno. Itashika moto."

Nilibisha. Nikamwambia niliijaribu wiki nzima ikafanya kazi vizuri. Kisha nikakumbuka kwamba niliijaribu kwa balbu ndogo isiyovuta umeme mwingi, maana hita ulikuwa nayo wewe.

Kwenye picha uliyonitumia kabla ya msiba, mashine iko kando ya kitanda cha watoto.

Ichomoe kwanza, Kip. Halafu uendelee kunikasirikia.

Dadako,
Jelimo