Sukari ya Shemeji Fanuel

Al Muraqqabat, Deira,
Dubai.
Ijumaa, 24 Agosti 2007

Mpendwa dada Yuliana,

Nakusalimu kutoka kwenye joto ambalo siwezi kukueleza ukanielewa, wewe uliye kwenye baridi ya Tukuyu. Hamjambo wote? Mama anaendeleaje na goti lake? Lusajo yale mafua yameisha, au bado mnambembeleza anywe dawa? Tusekile naye nasikia ameingia darasa la tano, hongera zake. Mimi mwili wangu ni mzima.

Hii ni mara ya tatu naianza barua hii. Mbili nimezichana. Nikikaa nasimama, naenda dirishani, nachungulia barabara kama vile kuna mtu namsubiri, halafu narudi. Emiliana, yule wa Makandana anayefanya kazi kwa madam mmoja kule Al Twar, anasafiri keshokutwa. Ndiye atakayekufikishia. Nimemwambia akupe wewe mkononi, asimwachie mtu yeyote, hata Mama.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Mume wako yu hai. Ninavyoandika amelala kitanda cha chini, hatua tatu kutoka nilipo. Lakini siku kumi zilizopita amekatwa kidole cha mguu wa kushoto. Ni kisukari. Mimi nimejua tangu Mei, na sikukwambia.

Nitakueleza kama ilivyokuwa, ndipo unikasirikie.

Mwezi wa nne lilibandikwa tangazo kwenye chumba chetu cha kulia kule ghalani, Freezone ya uwanja wa ndege. Kuna wataalamu wa lishe wa hapa mjini, wa zahanati na hospitali mbalimbali, wamejiunga kuwa jumuiya. Kila Ijumaa alasiri wanakutana kwenye ukumbi wa shule Al Twar na kuwafundisha watu kula vizuri: mboga, matunda, vitu vibichi vya sokoni badala ya makopo. Yeyote anakaribishwa, bure. Mimi nilikwenda kwa sababu tangazo lilisema kutakuwa na chakula. Nisikudanganye.

Basi pale nilimkuta Bi Masuda. Ni mama wa makamo, kwao ni Unguja, aliletwa huku akiwa mdogo, na Kiswahili chake ni kile cha Unguja hasa. Alinisikia namsalimia mwenzangu akaniita, "We baba, njoo unishikie kapu hili." Toka siku hiyo nikawa mshika kapu wao. Wanatupeleka soko la mboga la Deira, wanatuonyesha bamia nzuri ni ipi, dengu zinapikwaje bila kumimina mafuta, machungwa ya kula na si ya kukamua na kutia sukari. Nilijisikia mtu, dada. Wiki nzima nashusha maboksi ya mboga kwenye ndege na kuyapakia kwenye malori, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuulizwa mimi mwenyewe nakula nini.

Mwezi wa tano nikamvuta shemeji. Alikuwa amekonda. Mkanda wake aliutoboa tundu mbili mpya kwa msumari, na alikuwa anakunywa maji kama gari linalovuja. Pale ukumbini wanatoboa kidole na kupima sukari hapo hapo. Mashine ikaandika mia tatu na arobaini. Yule Mfilipino aliyekuwa anapima akaitazama, akaenda kumwita Bi Masuda, na Bi Masuda akasema, "Fanuel, kesho uende hospitali. Usingoje keshokutwa."

Tukarudi mpaka mlangoni kwetu. Hapo akasema, "Mashine yao mbovu." Halafu akasema, "Ukimwambia dada yako, mimi na wewe khalas, ndiyo mwisho."

Nikaapa. Ndiyo, niliapa.

Alikuwa anaogopa viza. Viza yake inahuishwa mwezi wa kumi, na watu hapa wanaambiana kwamba ukikutwa na sukari kwenye vipimo wanakupandisha ndege jioni hiyo hiyo. Nilimuuliza Bi Masuda. Akaniambia ameshaulizia, pale wanatafuta magonjwa mengine, sukari hawaitazami. Nikampelekea shemeji maneno hayo. Akasema, "Yeye ana pasipoti ya hapa, atajuaje?"

Basi nikajaribu kwa njia ya jiko. Tuko wanane kwenye flati hii na jiko ni moja, kila mtu na zamu yake. Nikaanza kupika mboga za majani nyingi na ugali mdogo, maharage, samaki wa kuchoma. Nick, Mkenya tunayekaa naye, akafunua sufuria akasema, "Zeph, hii ni lunch ama unalisha mbuzi?" Watu wakacheka, lakini walikula. Shemeji naye alikula mbele yangu, tena akasifu. Halafu siku moja natafuta sabuni kwenye begi lake la kazini nikakuta makopo matupu ya soda, manne, na kopo la maziwa mazito ya sukari limekwanguliwa mpaka chini. Kazi yake ya ulinzi ni kusimama getini kwa saa kumi na mbili juani, dada. Nilipomuuliza alisema bila soda macho yanafumba. Nikayarudisha makopo kama nilivyoyakuta.

Mara mbili ulinipigia ukaniuliza mbona sauti yake imechoka. Mara zote mbili nilikuambia ni joto. Nisamehe. Nilipokata simu mara ya pili nilitoka nikatembea mpaka miguu ikaniuma, na bado sikutulia.

Mwezi wa saba mwishoni akaanza kuchechemea. Alisema ni buti jipya. Jumamosi moja alitoka kazini akakaa kitandani kuvua soksi, soksi ikagoma. Ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Niliinama nimsaidie akanisukuma. Lakini nilishaona, na nilishasikia harufu. Kidole cha pili kutoka kile kikubwa kilikuwa cheusi. Nikamuuliza, "Kinauma?" Akasema, "Hakiumi hata kidogo." Alisema kwa furaha, kama ndiyo habari njema. Mimi nilishamsikia Bi Masuda akifundisha kwamba kidonda cha sukari kisichouma ndicho cha kukimbilia hospitali.

Nilimwomba wiki nzima, hakutaka. Wiki ya pili nikaenda kwa Bi Masuda, nikamwambia kila kitu. Sikuwa nimeapa kwamba sitamwambia yeye, ndivyo nilivyojidanganya. Akaja siku ile ile na gari lake. Flati yetu ni ya wanaume watupu, hawezi kupanda, kwa hiyo akakaa kwenye kafeteria iliyo chini ya jengo, nami nikamshusha shemeji kwa kumwambia kuna mtu ana ujumbe wake.

Shemeji alipomwona alitaka kugeuka. Bi Masuda akamwambia, "Kaa kitako, babaangu. Sikuja kukugombeza." Akamwagizia maji. Hakumuuliza mguu. Alimuuliza, "Leo umekula nini tangu ulipoamka?"

Shemeji akataja mboga, samaki, chungwa. Uongo mtupu.

"Na ungekuwa kwako leo, mkeo angekupikia nini?"

Shemeji akasema, "Ndizi na maharage. Na majani ya maboga, anayaponda na karanga." Dada, sijawahi kumwona Fanuel analia, hata alipozikwa baba yake. Alilia pale, kwenye meza ya plastiki, watu wanaingia kununua sandwichi. Bi Masuda akaangalia pembeni mpaka akamaliza, halafu akasema taratibu, "Basi vua kiatu, nnataka nione."

Akavua. Bi Masuda alitazama mara moja tu akasimama. "Yalla, twende. Gari iko nje."

Hawakungoja hata siku moja. Alikatwa asubuhi iliyofuata, na daktari alisema tungechelewa wiki nyingine tungezungumza habari ya mguu. Alilazwa siku sita. Bi Masuda na wenzake walikuwa wanapokezana kumletea chakula, dengu na mboga na hubuzi nyeusi, ile mikate yao, na yule Mfilipino amemfundisha kujipima mwenyewe. Sasa amerudi hapa, anameza dawa asubuhi na jioni. Sukari imeshuka, haijatulia. Na mimi vilevile.

Kuhusu kazi, sijui niseme nini kwa sababu hakuna anayejua. Kampuni imempa mpaka tarehe mbili. Msimamizi wake anasema daktari akiandika barua, anaweza kuwekwa chumba cha kamera akae kwenye kiti. Asipoandika, watakata viza. Shemeji anasema atarudi getini hata kwa kisigino. Mimi naona arudi nyumbani. Tumegombana jana kwa hilo, na leo asubuhi tena.

Na sababu iliyonifunga mdomo miezi yote hii si kile kiapo peke yake. Mimi ndiye niliyemleta huku. Nilikaa sebuleni kwako, nikala chakula chako, nikakuambia miaka miwili tu, dada, ataona faida. Niliogopa ungeniuliza, "Zephania, ulimchukua mzima, unanirudishia nini?" Ukitaka kuniuliza, niulize. Sitasema tena ni joto.

Kama utampigia, usianze kwa kulia. Muulize amekula nini. Halafu mwamue nyie wawili, arudi au abaki, maana mimi hanisikii.

Nisalimie sana Mama, na umwambie kwa namna utakayoona inafaa. Nisalimie baba mdogo Ambakisye, mjomba wa Kiwira, na jirani yetu Mirriam. Watoto uwabusu.

Nilikuwa nafika hapa pa kumalizia, ameamka. Akauliza namwandikia nani. Nilitaka kusema Emiliana. Nikasema, "Dada." Akanyoosha mkono, nikampa karatasi zote. Amesoma polepole, amesoma mpaka ya mwisho, na mimi nimesimama dirishani sijui niweke wapi mikono. Nilidhani atazichana.

Amenirudishia akasema, "Umeandika kidole kimoja. Andika viwili."

Dada, mimi mwenyewe sikujua. Bandeji imefunika mguu mzima, na hospitalini aliniambia kimoja. Sijabadilisha kule mwanzoni, nimeacha ilivyo, ili uone kwamba nilikuwa nakuambia nilichokuwa nakijua.

Halafu akasema, "Mwambie Jumapili ya wiki ijayo, akiwa ameshaipata barua, nitampigia mwenyewe. Nitaanza na hicho cha pili." Amelala tena, ameelekea ukutani, lakini halali, namsikia.

Mungu awafunike nyote hapo nyumbani, na akupe nguvu ya siku hiyo.

Mimi mdogo wako akupendaye na anayeomba umsamehe,
Zephania