Sura Isiyo ya Ezra

Jumatatu, 16 Juni

Leo dukani nimechapa fulana za kwaya, za matanga, za timu ya mpira. Mikono inanuka wino. Alasiri wakaingia vijana watatu kutoka Loresho, kwa matajiri, viatu vyeupe pe. Wanataka fulana za kuwakumbuka waliouawa kwenye maandamano ya mwaka jana. Mkubwa wao anaitwa Kelvin. Ati walikuwa mstari wa mbele. Upuzi mtupu. Siku hizi kila mtu alikuwa mstari wa mbele. Sijui nani alibaki nyumbani.

Jumatano, 18 Juni

Wametuma picha na majina. Jina la tano ni la mdogo wangu, Ezra. Sura si yake. Ni kijana mwingine, amejifunga bendera shingoni, anatabasamu. Simjui. Kazi imelala mchana kutwa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimemtumia Kelvin picha ya kweli. Ezra na joho la kwaya, jicho moja amelifumba. Akanipa pole, kisha akakataa. "Hiyo ingine ndio watu wanajua, sista. Tukichange saa hii wataconfuse."

Sista! Ezra nimembeba mgongoni mimi, na huyu ananifundisha sura yake. Nawadharau wote. Hawakumbuki chochote, simu zao ndizo zinakumbuka.

Jumanne, 24 Juni

Nimezichapa. Zote sitini, sura ileile. Mwenye duka alisema oda ni oda, nami sikubisha hata kidogo. Najidharau kuliko ninavyomdharau Kelvin. Yeye angalau hakumjua Ezra. Moja nimeitia mkobani nimwonyeshe Mama, tukasirike pamoja.

Alhamisi, 26 Juni

Jana sikwenda kazini, mji ulifungwa kwa maandamano ya kumbukumbu. Nilishinda na Mama nyumbani Woodley. Kwenye simu niliwaona kina Kelvin wakiliita jina la Ezra, sura ya mtu baki vifuani mwao. Nikampa Mama ile fulana. Nilingoja atukane. Akavaa miwani, akaitazama sana.

"Na mama ya huyu kijana, kuna mtu alimwambia?"

Wiki nzima nimeichukia sura ile, na sikuwahi kuuliza ni ya nani.

Leo nimempigia Kelvin. Hajui. Waliitoa mtandaoni tu. Ameahidi kuulizia, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Jioni kwenye sala Mama alimtaja Ezra, kama kawaida. Kisha akaongeza mmoja. Hakuwa na jina la kusema, akasema tu, na yule mwingine.